Swali Tulilolicheka



Juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miezi kadhaa iliyopita, siku ya Jumamosi baada ya darasa la madrasa, nilikuwa nimeketi katika baraza ya msikiti wetu hapa Kinyerezi pamoja na wajumbe wawili wa kamati, tukihesabu michango ya kukarabati tangi la maji ya kutawadhia. Watoto walikuwa wakivaa viatu ili waende makwao. Binti mmoja, mwenye umri wa miaka tisa hivi, alibaki nyuma. Akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Ustadh, gesi wanayoichoma pale kwenye mitambo ya umeme inatoka Mtwara kwa bomba, siyo?”

Nikamjibu kuwa ndivyo.

“Sasa ule moto hauwezi kuingia ndani ya bomba ukakimbia mpaka Mtwara?”

Tulicheka sote watatu. Mjumbe mmoja akamwambia aende zake akadurusu sura yake. Mimi sikutamka neno, lakini nilicheka, na kwa mtoto kicheko cha mtu mzima ni jawabu kamili. Binti akainamisha kichwa, akaondoka. Kwa majuma matatu yaliyofuata hakuuliza jambo lolote, hata la tajwidi, naye alikuwa miongoni mwa waulizaji wakubwa wa darasa.

Mama yake ndiye aliyenifumbua macho. Alikuja kulipa ada, akanieleza kwa masikitiko kwamba mwanawe halali vizuri. Nyumba yao haiko mbali na mitambo, na kila usiku mtoto alikuwa akitaka kuhakikishiwa kuwa moto hautawafuata chini ya ardhi. Kumbe siku ile hakuja kututania. Alikuja na hofu yake kwa watu aliowadhania kuwa wanajua, nasi tukamrudishia kicheko. Ukweli ni kwamba hata sisi wenyewe hatukuwa na jawabu.

Jambo hilo lilinikumbusha kisa cha mwanafunzi mwingine wa nchi hii, kisa ambacho naona inafaa kila mzazi na kila mwalimu akifahamu. Ni kisa cha Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aisi krimu. Walinunua maziwa, wakayachemsha, wakayachanganya na sukari, wakangoja yapoe, kisha wakayatia katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa finyu na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alipokuwa bado anachemsha maziwa yake, alimwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha na kuyawahisha jokofuni. Akatambua kwamba akingoja yake yapoe ataikosa nafasi ya mwisho. Akaamua liwalo na liwe, akayatia yakiwa ya moto.

Baada ya saa moja na nusu wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yaliyoingia yakiwa moto yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Mpemba akamwendea mwalimu wa fizikia akataka kujua sababu. Mwalimu akamwambia kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Kijana akalikubali jibu hilo, lakini hakulisahau swali. Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aisi krimu mjini Tanga. Rafiki huyo akamwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huganda upesi zaidi, na kwamba alifundishwa hivyo na kaka yake. Naomba msomaji ulishike jambo hili, kwani nitalirejea: mtaalamu wa kwanza aliyemwelewa Mpemba alikuwa muuza aisi krimu.

Baadaye Mpemba aliendelea na masomo ya juu ya sekondari katika shule ya Mkwawa, Iringa. Walipofika katika somo la joto akauliza tena. Mwalimu wa huko naye akamwambia amechanganyikiwa. Kijana alipozidi kujitetea, mwalimu akamaliza mjadala kwa dhihaka, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya walimwengu. Tangu siku hiyo, kila Mpemba alipokosea hesabu au jambo jingine darasani, wenzake walimtupia kejeli hiyo hiyo.

Hata hivyo hakunyamaza. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bilauri mbili ndogo za maabara, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja akaona barafu imeanza katika zote mbili, lakini ile iliyokuwa na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni. Dkt. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitembelea shule ya Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Baada ya mazungumzo akawaruhusu waulize. Mpemba akasimama. Akasema kwamba ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine nyuzi joto 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka, na baadaye wakamlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Sasa tazama alivyofanya mgeni yule. Kwanza alitabasamu, akamwomba kijana arudie swali. Pili, alimuuliza kama jambo hilo amelifanya kwa mikono yake na kuliona. Mpemba akasema ndiyo. Tatu, akatamka mbele ya wote kwamba sababu yake haijui, ila anaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam.

Na ahadi akaitimiza. Aliporejea alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini asihofu, wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi! Wakarudia, na matokeo yakawa yale yale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao ya pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Tangu hapo wanasayansi wa dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina lake.

Je, suala limekwisha? Halijakwisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiitwacho Royal Society of Chemistry kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora ya jambo hilo, na majibu yapatayo 22,000 yakatumwa kutoka pande zote za dunia. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza wakaandika kwamba wao hawakuliona likitokea, na wakaonyesha kwamba tofauti ndogo tu ya mahali kinapowekwa kipimajoto ndani ya maji, hata ya sentimita moja, inaweza kumdanganya mpimaji. Wengine wanaendelea kulitetea. Wapo wanaotaja mvuke unaopungua katika maji ya moto, wapo wanaotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, wapo wanaotaja hewa iliyoyeyuka majini. Zaidi ya nusu karne baadaye wasomi bado wanabishana kuhusu swali la mvulana aliyekuwa akigombea nafasi ya aisi krimu.

Ndugu msomaji, sisi katika mimbari na mihadhara yetu hupenda kumtaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kuandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona, karibu miaka elfu moja iliyopita. Tunamtaja kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini fahari hiyo inatufaa nini ikiwa mtoto akija na swali barazani tunamcheka? Chuoni nilifundishwa adabu nyingi za mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Adabu ya kuulizwa nimeanza kujifunza ukubwani, na nimejifunza kwa aibu.

Tukaamua katika kamati kwamba binti yule anadaiwa jawabu, na kwamba si yeye peke yake. Hapa Kinyerezi tunaishi jirani na mojawapo ya kazi kubwa za kisayansi katika nchi hii. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba kubwa la kuileta Dar es Salaam, lenye urefu wa kilomita zipatazo 540 pamoja na tawi lake la Songo Songo, lilizinduliwa Oktoba 2015, nalo linaishia hapa kwetu. Kituo cha Kinyerezi I kilifuatiwa na Kinyerezi II, chenye uwezo wa megawati 240 hivi, kilichozinduliwa mwaka 2018. Watoto wetu hupita karibu na mitambo hiyo wakienda shule, husikia mngurumo wake, na hawana mtu wa kuwaambia kinachotendeka ndani ya uzio.

Mtu huyo tulikuwa naye safu ya tatu msikitini. Ni mhandisi, jirani yetu, ambaye kazi yake ni ya mitambo ya umeme. Tulimwomba aje Jumamosi baada ya Alasiri.

Kikao cha kwanza hakikufaulu, na kosa lilikuwa letu. Tulimpangia viti, meza na kipaza sauti, tukamtambulisha kwa dakika kumi, tukawaketisha watoto kwa safu. Naye, kwa kuheshimu maandalizi hayo, akatoa mhadhara. Ulikuwa mhadhara wa kweli na wa maana, wenye maneno mazito, na ulichukua saa nzima. Watoto wa nyuma walisinzia. Tulipouliza kama kuna swali, kukawa kimya kama cha usiku wa manane. Binti yule alikuwapo, wala hakuinua mkono.

Baada ya hapo mhandisi mwenyewe ndiye aliyenivuta kando. “Katibu,” akaniambia, “wale watoto hawakuja kunisikiliza mimi. Nipe nafasi nyingine, na safari hii usiniwekee meza.”

Jumamosi iliyofuata tulitandika mikeka chini ya mwembe. Mhandisi akaja na jiko dogo, birika, mshumaa, bilauri ya kioo, na feni ndogo aliyoikata kwa bati la kopo. Hakuanza kwa maelezo. Aliwasha jiko, birika likachemka, akaisogeza ile feni ya bati kwenye mkondo wa mvuke kwa koleo. Feni ikazunguka. Watoto wakasimama wote. Akawauliza: “Nani kaizungusha?” Mmoja akasema moto, mwingine akasema maji, wa tatu akasema mvuke. Akawaacha wabishane kwanza.

Kutoka hapo akawapeleka hatua kwa hatua. Umeme, akawaambia, hupatikana kwa kuzungusha. Mkizungusha sumaku karibu na nyaya za shaba, umeme hupita katika nyaya hizo. Hiyo ndiyo kazi ya jenereta, iwe ndogo ya dukani au kubwa ya kituoni. Kinachotafutwa ni nguvu ya kuzungusha. Kwenye mabwawa huzungusha maji yanayoporomoka. Hapa kwetu hewa husindikwa kwa nguvu, gesi ikachomwa ndani yake, na moshi wa moto mkali ukatoka kwa kasi na kuzungusha mapanga mengi yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Katika Kinyerezi II hawauachi moshi huo ukaenda bure. Joto lake huchemsha maji, na mvuke wa maji hayo huzungusha mashine nyingine, kama birika lile lilivyofanya. Kwa hiyo gesi ile ile hutoa umeme zaidi.

Mvulana mmoja akauliza lile ambalo wazee tulikuwa nalo rohoni: kama umeme unafuliwa hapa mlangoni, mbona kwetu hukatika? Mhandisi akacheka, akaeleza kwamba kufua umeme ni jambo moja na kuufikisha nyumbani ni jambo jingine. Umeme wa hapa hauingii moja kwa moja katika nyumba za hapa. Huingia katika gridi ya taifa, ukarudi kwa nyaya, vituo na transfoma, na kila kiungo cha njia hiyo kinaweza kuharibika. Akaongeza kwamba yapo matatizo ambayo hata yeye hajui chanzo chake mpaka aende akakague. Niliona watoto wanatazamana. Walikuwa hawajazoea kumsikia mtu mzima mwenye elimu akisema hajui.

Hapo nikamwita binti yule kwa upole, nikasema mbele ya wote: “Mwanangu, siku ile uliniuliza swali nikacheka. Nilikosea. Muulize mhandisi.”

Akasitasita. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, kama moto hauwezi kuingia ndani ya bomba ukakimbia mpaka Mtwara.

Watoto wachache wakaanza kucheka. Mhandisi akainua mkono wakanyamaza. Akamwomba arudie, ili wote wasikie. Kisha akawasha mshumaa, akaufunika kwa bilauri. Mwali ukadhoofika, ukazimika. “Kwa nini umezimika, na utambi upo na nta ipo?” Wakajibu kuwa umekosa hewa. “Basi,” akasema, “moto hauli gesi peke yake. Unataka gesi na oksijeni iliyomo katika hewa, tena kwa kipimo. Gesi yetu ya asili huwaka pale inapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 hivi ya mchanganyiko wake na hewa. Ikipungua hapo haiwaki, ikizidi hapo haiwaki. Ndani ya bomba mmejaa gesi tupu, hewa hamna. Moto ukitaka kuingia utakufa mlangoni kama mshumaa huu. Juu ya hayo, gesi inasukumwa kuja huku kwa nguvu, haikai ikausubiri.”

Kisha akasema jambo ambalo mimi sikulitarajia. “Lakini swali lako, mwanangu, ndilo swali la watu wa kazi hii. Bomba jipya huwa limejaa hewa. Ukiingiza gesi humo ovyo, pana mahali gesi na hewa zitachanganyika kwa kile kipimo cha hatari. Kwa hiyo kabla ya kuruhusu gesi ipite, hewa huondolewa kwanza, mara nyingi kwa kusukuma naitrojeni, ambayo haiwaki. Wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kuhofia jambo ulilolihofia wewe.”

Sitaki kutia chumvi katika nilichokiona usoni mwa mtoto yule. Niseme tu kwamba aliketi akiwa ameinua kichwa, na kabla ya adhana ya Magharibi alikuwa ameuliza maswali mengine manne.

Swali lake moja liliwafaa kina mama waliokuwa wamekuja kuchukua watoto. Aliuliza kama gesi ya mtungi wa jikoni ni hiyo hiyo ya Mtwara. Mhandisi akasema siyo. Gesi ya asili inayoletwa kwa bomba sehemu yake kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza na kabati. Kwa asili gesi hizo hazina harufu kali. Harufu tunayoisikia ya mtungi imetiwa makusudi ili itutahadharishe. Ukiisikia, usiwashe kiberiti, na swichi ya taa usiiguse wala kuwasha wala kuzima, kwa sababu cheche ndogo inatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje. Mama mmoja akasema amepika kwa mtungi miaka sita na hajawahi kuambiwa hayo. Tazama, msomaji: swali la mtoto limeleta usalama katika majiko ya mtaa mzima.

Baadhi ya wazazi waliniuliza baadaye kama si utovu wa adabu kumzoesha mtoto, hasa wa kike, kuhoji watu wazima. Nawaelewa, kwani haya ni pambo la muumini. Lakini imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza ili waifahamu dini yao. Ikiwa katika dini, yenye utukufu wake, haya haikuwa kizuizi cha kuuliza, itakuwaje kizuizi katika habari za mvuke na moto? Adabu iko katika namna ya kuuliza, wakati wa kuuliza na sauti ya kuuliza. Hayo tuwafunze, swali lenyewe tuliache liishi.

Tangu siku ile baraza hiyo tunaifanya mara moja kwa mwezi. Kwa faida ya kamati nyingine zinazotaka kujaribu, nayataja tuliyojifunza. Mgeni aje na kitu cha kushika mkononi, na asizungumze zaidi ya dakika kumi kabla ya maswali. Watoto waketi duara, wala si safu. Kila swali lirudiwe kwa sauti kabla ya kujibiwa, maana kulirudia ni kuliheshimu. Anayecheka swali la mwenzake apewe zamu ya kulijibu. Dawa hii imeponya wengi. Na mgeni asiyejua aseme hajui, kisha swali liandikwe katika daftari la baraza mpaka lipatiwe jawabu.

Tena msidhani wataalamu wako vyuo vikuu peke yake. Mkumbukeni yule muuza aisi krimu wa Tanga. Sisi tumekwisha kumwalika fundi wa majokofu, mkunga mstaafu, na mama anayeuza barafu mtaani, ambaye anajua kuhusu kuganda kwa maji mambo ambayo sikuyasoma popote. Katika kila safu ya swala mna elimu iliyokaa kimya kwa sababu hakuna aliyeiomba.

Nyumbani nako inawezekana. Usiku mmoja wa juma hili, chukua vikombe viwili vya bati vinavyofanana. Kimoja kitie maji ya bomba, kingine maji ya moto ya kiasi kile kile. Maji ya moto ayamimine mtu mzima. Viweke katika friza, mtoto aandike saa, kisha mvitazame kila baada ya nusu saa. Usimwambie matokeo yatakuwaje, kwani hata wasomi hawajaafikiana. Akikuuliza sababu, mwambie hujui, na kwamba mtaichunguza pamoja.

Binti yule sasa analala vizuri, alhamdulillah. Mama yake amenithibitishia. Jumamosi iliyopita alinijia tena barazani nikiwa na daftari la michango. Alitaka kujua kwa nini mwezi hutufuata tunapotembea, ilhali nyumba hubaki nyuma. Sikucheka. Nilimwomba arudie swali, nikafunga daftari la michango, nikafungua lile jingine, nikaandika. Mwenye kulijibu anakaribishwa Kinyerezi, mkeka upo.

Wabillahi tawfiq.